Madoa ya Maji na Ujira wa Muosha Gari



Huenda baadhi ya wasomaji wakastaajabu kuona ukurasa huu, walioufahamu kwa mambo ya malezi, mirathi na adabu za nyumbani, leo ukizungumzia namna ya kukausha gari baada ya kuoshwa. Naomba mnivumilie, kwani ndani ya jambo hili dogo mna haki ya mtu. Magari mengi ya mji wetu huoshwa na vijana kando ya barabara, kijana na ndoo zake mbili na tambara lake moja, na ujira wake ndio chakula chake cha mchana. Nimeona zaidi ya mara moja ujira huo ukizuiliwa kwa sababu ya vidoa vyeupe vilivyobaki juu ya rangi. Na aghlabu anayezuia na anayezuiliwa, wote wawili hawajui vidoa hivyo vimetoka wapi.

Mama anayepika anayo elimu ya jambo hili tayari, ila hajapata kuihamishia kwenye gari. Birika likichemshiwa maji siku baada ya siku hufanya ukoko mweupe ndani yake, mgumu, usiotoka kwa sabuni. Mfereji nao hufanya gamba jeupe mdomoni. Kioo cha bafuni kikirukiwa na maji kikaachwa kikauke chenyewe, kesho yake huwa kina alama za mviringo. Asili ya yote hayo ni moja. Maji yanapogeuka mvuke huondoka peke yake, na kila kilichokuwa kimeyeyuka ndani yake, chokaa, chumvi na madini mengineyo, hubaki pale pale tone lilipokuwa limekaa. Ndiyo sababu doa la maji huwa na umbo la tone, na ukingo wake huwa mweupe kuliko katikati yake. Gari jeupe au la rangi ya fedha huficha alama hizo. Gari jeusi halifichi hata moja.

Basi mtu akiona madoa asiseme mara moja kuwa gari halikuoshwa vizuri. Yawezekana lilioshwa vizuri kabisa, likasuuzwa mara tatu, na madoa yakaja baada ya hapo, kutoka katika maji yale yale ya kusuuzia. Kuongeza maji mengine ya aina ile ile ni kuongeza madoa.

Sisi watu wa kisiwani tumejaaliwa chokaa nyingi katika maji yetu. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, ule ule ambao wazee wetu walichimba mawe yake kwa kujengea, na wakayachoma wakapata chokaa ya kupakia kuta za Mji wa Kale. Mvua ikinyesha hupenya katika mwamba huo ikachukua chokaa yake, kisha huko chini hukutana na maji ya bahari yanayojipenyeza kutoka pande zote. Hayo ndiyo maji ya visima vyetu: mna chokaa na mna chumvi. Yametufaa kwa karne nyingi, kwa kutawadhia, kufulia na kuoshea vyombo, wala sina nia ya kuyatia ila. Maji ya mfereji ni mengine. Sehemu yake hutoka Mzima, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, kwa bomba lililolazwa katika miaka ya 1950 lenye urefu wa zaidi ya kilomita 200. Sehemu nyingine hutoka Marere upande wa Kwale, na Baricho kando ya mto Sabaki. Maji ya Mzima asili yake ni mvua iliyonyesha juu ya vilima vya Chyulu, ikachujwa na mawe ya volkano. Hayakosi madini, lakini hayana chumvi ya kisima cha kisiwani. Shida ni ile tunayoijua sote, kwamba mfereji Mombasa hutoka kwa zamu, na siku usipotoka maji hununuliwa kwa mtungi. Kijana anayeosha gari hawezi kununua mitungi ya maji matamu aimwage juu ya gari la mtu kisha abaki na faida. Huchota kisimani.

Juu ya hayo kuna jua. Mji wetu uko digrii nne tu kusini mwa istiwai, na saa sita mchana bodi ya gari lililokaa juani haishikiki kwa mkono. Tone likianguka hapo hukauka kabla tambara halijafika. Wakati wa kaskazi upepo nao husaidia kulikausha.

Nilisema nimeshuhudia ugomvi wa jambo hili. Mmoja nitausimulia, kwa kuwa ulinifanya niyatafakari haya ninayoyaandika.

Wanaoijua Biashara Street wanajua kuwa ni mtaa wa nguo. Hapo ndipo zinapouzwa leso na vikoi, na duka la leso zenye chapa ya Mali ya Abdulla lina historia ya tangu mwaka 1887. Nje ya maduka hukaa mafundi wa cherehani, mteja akinunua leso hukatiwa na kukungiwa pindo papo hapo. Mama mwenye arusi hukaa muda mrefu mtaani hapo, akichagua jina la leso na kubishana bei, na vijana wanaoosha magari wanalijua hilo vizuri. Gari likiegeshwa tu, kijana huwa keshafika dirishani.

Siku moja ya Alhamisi baada ya sala ya adhuhuri nilikuwa nikipita, nikaitwa na fundi mmoja ninayefahamiana naye. Kando ya cherehani yake alisimama mama wa makamo, mikono yake imejaa mifuko ya leso, na mbele yake kijana ambaye sidhani alizidi miaka kumi na minane. Baina yao palikuwa na gari jeusi, kubwa, lililojaa madoa kama lililonyeshewa mvua ya chokaa.

Mama aliniambia, "Shekhe, hebu litazame mwenyewe. Kesho hili ndilo la kumchukua bibi arusi. Nimelileta likiwa na vumbi, limekuwa na upele."

Kijana akasema kwa sauti ya chini, "Mama, nimeliosha. Wallahi nimeliosha mara mbili."

Nikamwambia asiape. Nikapitisha kidole ubavuni mwa gari. Hapakuwa na vumbi wala tope, hata ndani ya matundu ya magurudumu palikuwa safi. Kazi ya kuosha ilifanywa. Nikamuuliza maji ameyatoa wapi, akanionyesha ua wenye kisima. Nikamuuliza amekaushia nini, akanionyesha fulana kuukuu, imelowa, nzito, haikamuliki tena. Gari lilikuwa juani tangu saa tano. Mama mwenyewe ndiye aliyeliacha hapo na ufunguo akaondoka nao, kwa hiyo kijana asingeweza kulisogeza kivulini.

Katika fiqhi mambo haya huingia katika mlango wa ijara, na masharti yake ni kujulikana kazi na kujulikana ujira. Ujira walikubaliana: shilingi 200. Kazi ilitajwa kwa neno moja tu, "lioshe". Je, kukausha kumo ndani ya kuosha? Wanazuoni hurejesha jambo kama hili katika ada ya watu, na jambo lililozoeleka baina ya watu wa kazi huhesabiwa kana kwamba lilishurutizwa. Ada ya hapa kwetu ni kwamba anayeosha gari hulipangusa. Kwa hiyo mama alikuwa na haki ya kudai gari lililokaushwa. Lakini hakuwa na haki ya kusema kazi yote imeharibika na kushika ufunguo aondoke, kwani sehemu kubwa ya kazi ilikwisha kumnufaisha, na jua na mahali pa kuegesha vilikuwa ni uchaguzi wake. Tunajua onyo lililokuja katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, kwamba miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama ni yule aliyemwajiri mtu, akapata kazi yake kamili, asimlipe ujira wake. Na Mtume (S.A.W.) ametuagiza tumlipe mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Hadithi ya kwanza, tukiitazama vizuri, inataja kazi iliyokamilika. Kwa hiyo mfanyakazi naye ana wajibu wake.

Sikuyasema yote hayo barabarani. Nilisema tu, "Mama, mpe nafasi aimalize kazi, kisha mlipe." Akakubali, bila furaha.

Hapo ndipo fundi wa cherehani alipotufundisha sote. Juu ya kichwa chake palikuwa na mashine ya kupoza hewa ya duka, ikitona kama zinavyotona zote mtaani hapo, na chini yake aliweka ndoo ili wapita njia wasilowe. Ndoo ilikuwa imejaa. Akasema, "Tumia haya. Hayaachi alama." Na kweli. Maji yanayotona kutoka katika mashine hizo yametoka hewani: unyevu uliokutana na bomba la baridi ukawa matone, kama jasho la nje ya gilasi ya barafu. Hayakupita katika mwamba wala ardhini, basi hayana chokaa ya kuacha. Hukusanya vumbi la mashine, kwa hiyo yachujwe kwa kitambaa, na si ya kunywa. Kama yanafaa kutawadhia, tuliache hilo kwa siku nyingine, nisije nikajaza ukurasa kwa maswali.

Mama akatoa ufunguo, gari likasogezwa upande wenye kivuli, likaachwa kidogo bodi ipoe. Fundi akatoa katika mfuko wake wa vitambaa kipande cha leso kuukuu. Kijana akamwagia maji ya ndoo taratibu kutoka juu ya paa, kisha akapangusa. Madoa ya siku hiyo yalitoka yote kwenye milango na boneti, maana yalikuwa mapya. Juu ya paa na kwenye kioo cha nyuma yalibaki mengine, na kila tulipopangusa yalirudi yalivyokuwa. Hayo hayakuwa ya kijana huyu. Yalikuwa ya miezi, pengine miaka, ya kuoshwa na kuachwa juani, na mama aliyatazama muda mrefu bila kusema. Akalipa shilingi 200. Hakuongeza kitu, na hakuwa na wajibu wa kuongeza.

Tangu siku hiyo nimewauliza madereva, vijana wa kuosha na mafundi wa rangi, na nyumbani kwetu nimejaribu. Haya yafuatayo nimeyaona yakifanya kazi, na mengi yake mama na watoto wanaweza kuyafanya uani kwao bila kununua kitu.

Wakati ni jambo la kwanza. Gari lioshwe baada ya sala ya alfajiri au jioni baada ya alasiri, na liwe kivulini. Gari lililotoka safari, limevuka Likoni au Nyali sasa hivi, boneti yake ina moto wa injini hata kama jua halipo, liachwe lipoe. Ligusie kwa mgongo wa mkono, kama unavyopima homa ya mtoto. Likiwa na joto, subiri. Na kama hapana budi kuosha juani, lisioshwe lote kwa pamoja. Ioshwe sehemu moja, isuuzwe, ikaushwe, ndipo ihamiwe nyingine. Vijana wengi hulipaka gari zima povu kisha wakalizunguka; wakifika walikoanzia, povu limekwisha kukauka, na sabuni iliyokauka ina madoa yake yenyewe, mabaya kama ya chokaa.

Kisha maji ya mwisho. Kama kisima ndicho ulichonacho, oshea hayo, hapana ubaya. Ila weka kando mtungi mmoja wa maji ya mfereji, au ya mvua, au hayo ya mashine ya hewa, uwe wa kusuuzia mara ya mwisho. Lita 20 zinatosha gari dogo zikimwagwa kwa akili. Akili yenyewe ni hii: usiyarushe. Maji yakirushwa, au yakitoka kwa nguvu katika mpira uliobanwa mdomo kwa kidole, hutawanyika kuwa matone elfu, na kila tone ni doa linalosubiri. Yakimwagwa polepole kutoka paani, kwa kata au kwa mpira usiobanwa, hushuka yakiwa yameshikana kama shuka, na yanaposhuka huyavuta yale matone yaliyotangulia. Mkimaliza mtaona sehemu kubwa ya bodi imebaki na maji machache tu.

Kuhusu wingi wa maji, nadhani wasomaji wa ukurasa huu hawahitaji kukumbushwa sana. Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja, na akioga kwa pishi moja hadi vibaba vitano. Mpira ulioachwa ukimwaga maji chini dakika kumi, wakati mwenyewe anatafuta sabuni, unaweza kumaliza maji ya kuoga watu wa nyumba nzima. Katika mji ambao jirani yako anasubiri zamu ya mfereji, hilo halipendezi.

Sasa kitambaa, na hapa ndipo leso inapopata daraja yake. Watu hununua ngozi laini za kukaushia, wengine vitambaa vya mikrofaiba, na vyote ni vizuri kwa mwenye navyo. Lakini leso kuukuu ya pamba, iliyofuliwa mpaka ikalainika, inayanywa maji vizuri sana, na ukubwa wake ni neema: urefu wake wa takriban mita moja na nusu hufunika boneti ya gari dogo. Leso mpya haifai. Ina wanga wa kiwandani, ndio unaoifanya isimame na kung'aa dukani, na wanga huo huyasukuma maji badala ya kuyanywa. Ifuliwe mara kadhaa kwanza. Wala isitiwe ile dawa ya kulainishia nguo, kwani huacha utando kwenye nyuzi na maji yasiingie. Kikoi nacho hufaa, ila mafundo ya matamvua yake yakatwe, yasije yakakwaruza rangi. Fulana ina mishono na machapisho, shati lina vifungo. Hivyo sivipendi.

Kuna mama aliyeniuliza kama si kosa la adabu kupangusia gari leso yenye jina. Leso ina mji, ina pindo na ina jina, na majina mengine hutaja Mwenyezi Mungu au yana dua ndani yake. Yenye jina la Mwenyezi Mungu isifanywe tambara. Kata ule ukanda wa maandishi uuhifadhi, uliobaki ni kitambaa tu. Leso yenye mafumbo ya wake wenza haina dhambi kupangusia gari. Huenda ndiyo kazi yake iliyo bora.

Tandaza leso iliyokunjuliwa yote juu ya boneti, shika pembe zake mbili, uivute kuelekea kwako bila kuikandamiza. Watoto wawili wakishika pembe nne huifanya kazi hii kama mchezo. Leso itayanywa maji na kuacha unyevu mwembamba kama pumzi juu ya kioo, na unyevu huo uondolewe na kitambaa cha pili, kikavu, kabla haujajikaukia. Hapa ndipo yule kijana alipokwama: alikuwa na kitambaa kimoja. Kitambaa kimoja kikilowa hakikaushi tena, huhamisha maji kutoka mlango huu kwenda ule. Anayeosha magari kwa riziki anahitaji angalau vipande vinne: viwili vya bodi, kimoja cha vioo, na kimoja cha magurudumu ambacho hakitapanda juu kamwe. Mwenye gari anayeweza kumpa kijana leso mbili kuukuu atakuwa amempa chombo cha kazi.

Anza paani, kisha vioo, boneti, buti, halafu milango kutoka juu kwenda chini, na magurudumu ya mwisho. Maji hushuka, ukianza chini utarudia. Kitambaa kikianguka chini kisirudishwe kwenye rangi, hata ukikikung'uta. Chembe moja ya mchanga huchora mstari usiofutika. Kioshwe au kiwekwe kando.

Katika darsa ya akina mama aliwahi kuniuliza mmoja, na nadhani alikuwa akinitania, "Shekhe, mbona gari tunalihimiza likaushwe, na baada ya udhu tunaambiwa tusijifute?" Imepokewa kwamba Bi Maymuna (R.A.) alimletea Mtume (S.A.W.) kitambaa baada ya kuoga janaba, asikichukue, akawa anakung'uta maji kwa mikono yake. Imam Nawawi ametaja kauli tano za wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi katika jambo hilo, na iliyo mashuhuri ni kwamba kuacha kujifuta ni bora, ingawa anayejifuta hana lawama. Nilimjibu kwamba maji ya udhu ni athari ya ibada, na ya gari ni chokaa ya kisima.

Na madoa yaliyokwisha kushika? Rudini kwenye birika. Ukoko wa birika hutolewa kwa siki au ndimu, kwa sababu ukali wake huyeyusha chokaa. Doa la gari ni chokaa ile ile. Changanya siki nyeupe na maji sawa kwa sawa, lowesha kitambaa, kiweke juu ya doa kwa dakika moja au mbili, kivulini na bodi ikiwa baridi, kisha pangusa, suuza kwa maji mengi matamu na ukaushe. Siki isiachwe ikaukie juu ya rangi, na isitumike kila wiki, maana huondoa nta inayoilinda. Doa lisilotoka kwa siki basi limekwisha kuila rangi ya juu. Hapo kunahitajika fundi wa kusugua kwa dawa, na gharama yake si ya shilingi 200. Msimlaumu aliyeliosha leo kwa jambo lililoanza mwaka juzi.

Mwenye gari akitaka kuepuka maneno na kijana wa barabarani, ayaseme manne kabla hajaingia dukani: bei, maji yatatoka wapi, gari liwe kivuli gani, na kwamba kukausha kumo ndani ya kazi. Dakika moja inatosha. Kijana naye kama maji aliyonayo ni ya kisima, aseme. Kuficha aibu ya kitu unachouza kumekatazwa, na mwenye kuuza kazi yake ni muuzaji pia.

Limebaki jambo moja ambalo hata waosha magari wazoefu hulisahau. Gari likionekana limekauka, bado lina maji limeyaficha: nyuma ya vioo vya pembeni, ndani ya vishikio vya milango, chini ya mpira wa madirisha, katika kifuniko cha mafuta, na pembezoni mwa buti. Fungua milango yote na buti, pangusa kingo. Kisha liendeshe hatua chache, hata kufika tu mwisho wa mtaa, ufunge breki kidogo. Maji yatachuruzika kutoka vioo vya pembeni na kuteremka milangoni kama machozi. Simama kando, ushuke na kile kitambaa kikavu, uyapanguse.